Mkalimani, Igombe

Rangi ya bluu hadi kwenye nyusi,
wanafunzi wa misheni ya wiki mbili
wamemaliza ukuta wa darasa la nne,
uleule ambao wenzao wa mwaka jana
waliupaka kijani.

Jumapili Annika akapewa madhabahu.
Sentensi moja, kisha akakwama,
akalia, pua nyekundu kama nyanya.

Kanisa likanigeukia mimi.
Nje, dagaa wa Mama Nkwimba wako juani
na kunguru hawajui ibada.

Nikatafsiri kilio:
"Anasema amechoka kuleta.
Anaomba naye apokelewe."

"Amina!"
Mama Nkwimba akavua kanga ya begani,
akamfunga kiunoni, kwa nguvu,
kama anayemtuma ziwani.

"Nimesema nini?" akaninong'oneza.
Nikamjibu: mengi.

Kunguru walishakula nusu debe.