Pete za Darajani

Baba alizizamisha zege likiwa bichi,
pete nne za nondo, upande wa chini wa daraja,
pale mfereji mkuu unapopita chini ya lami
kabla haujagawanywa majarubani.
Msimamizi akaja na daftari lake:
“Eliapenda, hizi kwenye mchoro hazimo. Za nini?”
“Za kufungia.”
“Kufungia nini?”
“Kitakachokuja.”

Mafundi walicheka wakaacha koleo.
Moshi hii, bandari!
Wakamwita Nahodha tangu siku hiyo,
yeye aliyevua perege Nyumba ya Mungu miaka sita
akarudi na kikohozi, na ujuzi wa mafundo.

Kilichokuja, kwanza, ni mbuzi.
Halafu punda wa Mama Ndeshukurwa,
halafu kamba ya kuanikia sare za shule,
halafu pikipiki ya kijana mmoja wa Kahe,
mnyororo na kufuli, hadi mdai wake alipoijia na msumeno.
Pete moja ilimezwa na tope, tukaisahau.
Baba akipita hapo hakuangalia chini,
kama mtu anayedai lakini hana haraka.

Mwaka wa magugu, maji yaligoma.
Kule juu lango liko wazi, huku mkiani
mpunga unakauka na mimba yake.
Watu walishikana mashati kwa ajili ya zamu,
mpaka Senzota alipoingia, maji kifuani,
akatoka na ruba watatu na neno moja:
mtumbwi.

Ukachomelewa Majengo, bati na mapipa mawili,
ukashushwa kwa mkokoteni, watoto nyuma kama harusi.
Ulipotua majini usizame, pakawa kimya.
Kisha mtu akauliza:
“Tuufunge wapi?”

Sikujibu. Nilishuka ukingoni, nikapangusa utelezi kwa kiganja.

Sasa kazi ni yangu. Ufunguo shingoni,
reki ya meno marefu, buti zisizolingana.
Ngazi tumechonga saba; ya tano mbovu, iruke.
Kasia liliibwa mara moja, tukalikuta
kwa mpika mbege, linakoroga.
Hadi leo nikipiga maji nasikia harufu ya ndizi.

Na kufunga nako kuna adabu yake.
Saa nne usiku lango la juu hufungwa,
mfereji hushuka taratibu, urefu wa mkono mzima.
Siku ya kwanza nilikaza kamba kwa bidii ya mgeni;
alfajiri nikaukuta mtumbwi unaning'inia kwa pua,
mkia topeni, abiria chura mmoja.

Baba hakucheka. Aliomba kamba pale pale kitandani,
akafunga fundo kwenye tendegu,
akaacha pima nzima imelala sakafuni, bure.
“Hii,” akasema, akikohoa, “ni ya maji kushuka nayo.”

Jioni nikirudi haulizi kama nimefunga.
Anauliza: “Umeiachia?”
Namwambia nimeiachia.

Kiangazi hiki walipokausha mfereji kuziba nyufa
niliigusa pete ya nne kwa kidole cha mguu.
Sijamwambia mtu. Mtumbwi tunao mmoja tu.
Nimeisugua kutu hata hivyo.