Uzito wa Mfuko

Ustinya hakuwa na ramani.
Ramani ilikuwa ofisini kwa mwenyekiti wa shamba la pamoja,
ina bendera za karatasi juu ya pini za cherehani,
na pini zenyewe zilikuwa za Lukerya,
aliyekuja kila Jumamosi kudai arudishiwe japo mbili.

Yeye alikuwa na mfuko:
ngozi ya ndama, mkanda ulioungwa kwa waya,
na kilomita kumi na moja za theluji kutoka stesheni.
Vita alivisoma kwa bega.

Barua za askari zilikunjwa pembetatu,
hazina bahasha, hazina stempu, nyepesi kama nondo.
Hizo alizipunga tangu kisimani,
watoto wakamkimbilia miguu mitupu.
Lakini bahasha ya mraba, iliyopigwa chapa,
ililala chini kabisa ya mfuko,
na mlango wake aliugonga kwa kiganja, si kwa ngumi.
Kijiji kikaijua ile hodi.

Kiangazi cha arobaini na moja ziliandika pembetatu:
tutarudi kabla ya viazi.
Viazi vikachimbwa na wanawake.
Vuli ikaja, mfuko ukanywea.
Mkono mtupu haulambwi, sawa;
mfuko mtupu haubebeki.

Desemba, redio ya nguzoni ikasema: Moscow haikuanguka.
Ustinya akasema: bahasha saba.
Wote wawili walisema kweli.

Mwaka uliofuata Prokhor, mwana wa Fedosya, aliandika,
na mkaguzi akafuta kwa wino jina la mji.
Mto alisahau kuufuta.
"Mama, nakunywa Volga. Maji mliyofulia huko juu
yananifikia mimi huku chini, yana ladha ya petroli."
Basi Fedosya akaacha kufua mtoni.
Septemba nzima, Oktoba nzima,
alichota ndoo kwa ndoo, akafulia uani,
asije akamchafulia mwanawe maji.
Wakamcheka. Kisha wakaacha kucheka,
na wengine nao wakaanza kufulia uani.

Februari redio ilipaza sauti: Stalingrad!
Majenerali wa adui wamejisalimisha!
Watu wakakumbatiana na mafundo ya shali yao.
Siku hiyo Fedosya alishuka mtoni na beseni,
akavunja barafu kwa shoka,
akafua.

Kursk ilikuja wakati wa kukata nyasi.
Arkhip, dereva wa trekta, sasa wa kifaru, aliandika:
"Mwenyekiti, udongo wa huku ni mweusi, mnono,
unaliwa hata bila mkate. Naona haya kuukanyaga."
Ilikuwa pembetatu yake ya mwisho.
Wiki moja, bahasha kumi na nne.
Ramanini pini ilisogea
upana wa kidole.

Juni iliyofuata wakasema washirika wametua Ufaransa.
Mzee Savely akauliza, Ufaransa iko kabla ya Smolensk au baada?
Ustinya hakujibu. Alikuwa akiwaza
kwamba huko ng'ambo, kwenye mvua ya nchi ambayo hataiona,
yupo kijana wa simu za maandishi, ana baiskeli,
na akiingia mtaani mapazia yanatikisika.
Hata kwa adui yupo.
Hata yeye anajua kugonga kwa kiganja.

Kisha pembetatu zikaanza kutoka mbali:
nyumba za mawe, cheri kando ya barabara, saa ya ukutani
ambayo mtu ameiokota na hajui aiweke wapi.
Bega likapoa kidogo.

Mei, kinanda cha mkono kililia mpaka alfajiri.
Vita vimekwisha tarehe tisa.
Posta haikuambiwa.

Tarehe thelathini Lukerya alikabidhiwa pini zake:
thelathini na sita, zina kutu, moja imepinda.
Akaigeuza kwenye mwanga.
Hii imepindia wapi? aliuliza.
Mwenyekiti hakumbuki. Ramani imejaa matundu.

Ustinya alikuwa mlangoni, akikung'uta tope.
Angeweza kumwambia.
Lakini jua lilikuwa linazama,
na ilikuwa imebaki nyumba moja.