Pikipiki Iliyokuwa Ikiinama

Miaka kumi na mmoja nimepeleka barua milima ya Courel
kwa pikipiki ambayo, nikigusa breki tu,
huzamisha pua kama mbuzi aliyeona chumvi.
Kila chombo na kilema chake, nikasema,
nikazoea.

Muuza springi alipokea simu huko Lugo,
sauti ya mtu anayetafuna:
"Una kilo ngapi, bibi?"
Sitini na nane.
Kimya.
"Na kofia? Na buti? Na mfuko wa barua?
Springi haina adabu. Haitakufichia."

Basi nikaenda ghala la ushirika,
nikapanda mizani ya kupimia kastania
nimevaa kila kitu, mfuko begani,
Breixo akisogeza chuma kwenye mkono wa mizani
polepole, kama anayesoma wosia.
Mia moja na nne.
"Hapo u mkavu," akasema. "Ukilowa, ongeza mbili."

Kifurushi kikaja Jumanne, ndani ya mfuko wangu mwenyewe.
Nikakizungusha vijiji tisa,
nikajifikishia, nikabisha mlango wangu,
nikatia saini: Uxía Castiñeira, amepokea.

Zizi la ng'ombe wa baba siku hizi ni karakana.
Jeki chini ya injini, gurudumu la mbele hewani.
Kifuniko cha shokapu hufunguliwa kwa staha:
hesi ya mwisho ikiachia,
springi iliyofumbwa mdomo tangu kiwandani
inataka kusema yote kwa mpigo.
Nilikikandamiza kwa kiganja na kitambaa.
Kikaruka hata hivyo,
kikagonga boriti, kikatua kwenye ndoo ya viazi.

Na oili, jamani.
Iliingia nyekundu, ikatoka kijivu,
nyepesi kama maji ya kusuuzia sufuria,
ikinuka sadini iliyosahauliwa kabatini.
Hiyo ndiyo niliyoitegemea kwenye kona,
na bonde lile chini halina ukingo.
Nikachomoa miguu yote miwili,
nikaining'iniza kichwa chini juu ya beseni,
nikaenda kulala.
Matone nikayasikia hadi ndotoni.

Asubuhi mvua. Oili mpya, nzito kidogo.
Mimina. Pampu mara kumi. Ngoja hewa itoke.
Pampu tena.
Sentimita kumi na nne kutoka mdomoni, si kumi na tatu;
nilipima kwa rula ya shule ya binti yangu,
yenye jina la mvulana nisiyemjua
limekwaruzwa upande wa nyuma. Nitamuuliza.
Kisha kipande cha bomba la maji, cha kujazia juu ya springi.
Cha kwanza nilikata kifupi.
Cha pili nilikipima mara tatu, nikitukana mara moja.

Kufunga ndiko kazi.
Springi mpya ni ngumu, inakusukuma kama mlevi mlangoni.
Nikakilalia kifuniko kwa kifua,
kwa kilo zangu zote, zile nilizozikana kwenye simu,
na kwa mara ya kwanza zikanifaa:
hesi ikauma.

Alhamisi nikaijaribu.
Kona ya mwisho kabla ya nyumba ya Dorinda
ina shimo ambalo manispaa imeliahidi lami
tangu binti yangu ananyonya.
Nikabana breki.
Pua ikashuka kidogo, ikafikiri, ikasimama.
Mikono yangu haikujua ifanye nini na nguvu iliyobaki.

Dorinda alikuwa dirishani, kama kawaida,
na chai yake ya mnanaa na paka asiye na sikio.
Hakuipokea barua ya pensheni.
"Kuna ugomvi gani kati yetu?" akauliza.
"Ugomvi?"
"Miaka yote unafika hapo kwenye shimo,
hiyo pikipiki inaniinamia.
Leo imepita imekaza shingo."

Ningemweleza habari za oili,
na za bomba la maji, na za mizani ya kastania.
Mvua ilikuwa inaanza tena.
Nikavua kofia,
nikainama mwenyewe.