Mwenye Spika

Spika nne, amplifaya moja, maikrofoni tatu
(ya tatu yakwaruza, hiyo nawapa harusi za mkopo),
jenereta la mtumba, na nyaya, Mungu ndiye ajuaye urefu wake.
Duka langu ni hilo, kichochoroni Majengo.
Sitazami msalaba wala mwezi. Natazama arubuni.

Ijumaa waja watu wa mihadhara
na Biblia iliyojaa vijikaratasi.
Jumapili waja wa Mchungaji Mwakio
na Kurani ya tafsiri, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu.
Kila mmoja asoma kitabu cha jirani
kama mke apekuaye koti la mumewe
akitafuta barua.

Mimi hukaa nyuma, juu ya kreti ya soda,
kidole kwenye kitufe.
Kazi yangu ni kuzuia ule mlio mkali
ambao spika hutoa ikijisikia yenyewe.

Mwezi wa Rajabu walimsilimisha Kazungu,
kijana wa Mikindani, mchomeleaji wa milango ya chuma.
Shahada aliitamka kwa kugugumia, umati ukaitika takbiri
hata mabati ya kibanda cha viazi karai yakatetemeka.
Nyuma yangu palikuwa na mama, kitambaa cha kanisa kichwani,
akisema, "Mwanangu ana jina. Mwanangu ana jina."
Akanigusa bega: "Baba, hebu zima."
Nikamwambia mimi ni fundi tu.
Nikapandisha kidogo.

Kisha ikaja Jumapili yangu.
Badi, mwana wa dada yangu,
niliyemfundisha kutia lehemu,
aliyekuwa kanishikia ngazi tangu asubuhi
nikitundika spika ya upande wa barabarani,
alinipa koleo, akasema, "Nishikie kidogo, mjomba,"
akapanda jukwaani.

Nilidhani waya umelegea.

Sauti yake ikatoka pande nne za Tononoka.
Akasema mwaka mzima amekuwa akiomba stoo,
katikati ya maboksi. Maboksi yangu.
Mchungaji akamuuliza jina jipya.
"Ezra."
Ezra! Nani kwetu aitwa hivyo?
Vigelegele vikapanda, nami nikatazama kidole changu.
Robo mzunguko tu.
Uwanja mzima ungelaumu umeme.
Koleo lilikuwa lingali na joto la kiganja chake.

Sikuzima.
Usiniulize kama ni imani ama ni woga
ama ni kwamba walikuwa wameshalipa hadi saa kumi na mbili.

Usiku vijana wa mtaa wakaja mlangoni,
wengine niliwapigia harusi zao.
"Fundi, umekodisha ulimi ukamtukana mamako."
Mmoja alikuwa na kidumu cha petroli,
akakificha nyuma ya mguu kama mtoto aliyedokoa sukari.
Asubuhi Mchungaji akatuma mtu:
Badi apelekwa Voi kwa usalama wake.
Usalama! Na sura yake tayari iko kwenye bango
la mkutano ujao, wanataka spika zilezile.

Dada yangu hajasema neno.
Ameifua kanzu ya Badi, ameianika, imekauka,
ameifua tena.

Jana nikapanda hadi Mikindani, nikauliza kwa mchomeleaji.
Mlango ni wa chuma, na katikati yake msalaba
alioutia Kazungu kabla hajawa Abdulkarimu.
Hakuukata. Ameupaka rangi, kijani,
na kutu yaanza kuchungulia.
Yeye mwenyewe alikuwa uani, amekunja kanzu,
amjazia mamake mapipa ya maji.

Mama akanitambua kabla sijatoa salamu.
Akanitazama mikono, mitupu,
kana kwamba ningeweza kuja na kile kitufe.
"Umekuja kuzima?"

Sikuwa na jibu. Jua lilikuwa la utosi.
Akanisukumia kigoda kwa mguu,
akaendelea kuchambua mchicha.