Nukta Chini ya Be

Wiki tatu nilikaa kwenye herufi moja.
Wenzangu walishafika Jimu, wakavuka Dali,
Zuhura wa kina Eshiwani alishaanza kuunganisha,
nami bado niko na Be,
mdomo wangu wa Kiwanga ukiitoa Pe.
"Pismilahi," nasema, chuo kizima kinaangua kicheko,
na Maalimu Idi Osundwa, macho yameshaingia ukungu,
anageuza sikio la kulia, lile zima:
"Tena."

Hakuwa na kiboko. Alikuwa na hiyo "tena".

"Funga midomo," aliniambia,
"kama mama yako afungavyo ghala la mahindi,
bila kishindo, panya wasijue.
Ngoja kidogo humo gizani.
Kisha fungua."
Nikafunga. Nikafungua. Pe.
"Tena."

Nje matrekta ya miwa yalipita kwenda kiwandani,
na king'ora cha zamu kililia
karibu pamoja na adhana ya adhuhuri,
hata sisi watoto wa Mumias tukawa hatujui
kipi kinaita watu kuswali, kipi kinawaita kazini.

Ramadhani ya mwaka ule niliapa kufunga yote.
Siku ya tisa, baada ya alasiri,
trela likakwama topeni karibu na kisima cha msikiti.
Nikachomoa muwa mmoja, mmoja tu,
nikaumaliza nyuma ya choo, maganda nikayafukia,
nikasukutua mara tatu, kama mtu wa dini.

"Bismillahi," nikasoma.
Mara ya kwanza maishani ikatoka Be,
nzito, ya mviringo.
Nikangoja sifa.
Maalimu akanyamaza mpaka nzi wakasikika.
"Herufi imekuja," akasema. "Lakini ina sukari."

Hakuongeza neno. Baba hakuambiwa.
Kesho yake nilikabidhiwa ufunguo wa stoo ya ndoo:
kila alfajiri, kabla ya jogoo wa kina Shitanda,
nijaze pipa la udhu, ndoo arobaini na mbili.
Nilizihesabu kwa hasira
hadi siku fulani, sijui ipi, nikasahau kuhesabu.

Ni ndoo ya ngapi nilipoelewa? Nitadanganya nikiitaja.
Najua tu asubuhi moja, vidole vimekufa ganzi,
niliona ni neno lilelile:
kufunga midomo, kufunga saumu,
kufunga kamba ya ndoo isije ikatumbukia;
na kufungua nako
kunamwonjesha tu aliyengoja gizani.

Sasa niko Nakuru, Kaptembwo, nauza vipuri vya baiskeli.
Maalimu alizikwa Ijumaa moja ya mvua.
Nilichelewa. Udongo ulikuwa umeshasawazishwa.
Nikapita msikitini, nikafunua pipa:
limejaa. Sikuuliza ni nani.

Nisijisifu.
Ziko alfajiri simu hulia nikaizima,
nikajifunika blanketi na visingizio viwili vitatu.
Iko saumu niliyoila kwa ulimi wala si kwa muwa,
nikimsengenya jirani kabla hata ya saa nne;
usiku nikazungusha maji kinywani, nikatema,
nikazungusha tena,
na sukari ikabaki.

Jana binti yangu Sauda, miaka sita,
aliketi mkekani na juzuu yake.
"Pismilahi," akasema. Huku Nakuru kaurithi wapi?
Akanitazama aone kama nitacheka.

Chini ya Be nukta ilikuwa palepale,
punje moja iliyodondoka mlangoni mwa ghala.
Nilitaka kumweleza giza, kisima, muwa, yote.
Nikafunga midomo.
Upepo wa Menengai ulikuwa ukigongagonga bati.

Nikageuza sikio la kulia.
"Tena."