Hesabu ya Jioni

Sikudhani yuko Ifakara anamuuguza mama yake.
Ameniachia funguo, deni la pumba dukani kwa Massawe,
na kuku thelathini na wanne.
Kila jioni anapiga. Hasalimii kwanza.
"Wangapi?"

Masika yameikuta Kivule haijajiandaa, kama kawaida.
Mtaro aliouchimba jirani umeamua kupita kwetu.
Nimeinua sakafu ya banda kwa matofali ya kile chumba
ambacho tangu mwaka juzi tunasema mwezi ujao,
juu ya matofali paleti nne, juu ya paleti maranda,
na maranda yakalowa kabla sijanyoosha mgongo.
"Kuku hafi kwa maji," aliniambia bwana mifugo Nkwabi,
"anakufa kwa unyevu."
Akachukua elfu tano yake, akaondoka,
suruali kaikunja hadi magotini.

Ndipo nikajifunza kusoma vinyesi.
Mimi, niliyesoma mita za maji miaka ishirini na saba
(haya ya sasa hayana mita),
nikichuchumaa alfajiri na tochi ya simu,
nikitafuta wekundu ndani ya kahawia.
Jumanne niliuona.

Wanane kwa siku tatu.
Wa kwanza nilimfukia chini ya mpapai, kwa heshima.
Wa nane nilimfukia popote jembe lilipokubali.
"Wangapi?"
"Thelathini na wanne," nikasema,
na mvua juu ya bati ikanisaidia kudanganya.

Vifaranga hawahesabiwi mpaka waote manyoya,
hiyo ni sheria yake.
Nikawahamishia sebuleni, kwenye boksi la tambi.
Umeme ulipokatika nilijaza maji moto kwenye chupa ya mafuta,
nikaivisha khanga yake, ile aliyokataza isiguswe,
wakalala wameizunguka, wakidhani ni mama.

Mbuzi wetu Kodi alisimama juu ya karai usiku kucha,
mguu mmoja hewani, kwato imeanza kunuka,
akinitazama kama mpangaji anayedai risiti.
Ni bata tu waliofurahi. Bata wa Mama Twaiba
waliingia uani bila hodi, wakaogelea
pale ninapoegesha baiskeli,
wakijadiliana kwa sauti kubwa
jambo lisilo na haraka yoyote.

Jogoo Diwani,
tuliyemwita hivyo kwa sababu ya kifua na kelele,
aliugua wa mwisho.
Alisimama kwenye kona, mabawa yameshuka
kama mtu aliyevaa koti la marehemu.
Nikampa maji ya shubiri kwa kijiko. Akameza kwa adabu.
Hajawahi kuwa na adabu. Hapo niliogopa.

Jana mvua ilikatika ghafla, saa kumi na mbili jioni.
Simu ikaita.
"Wangapi?"
"Thelathini na..."
"Nitolee simu nje," akasema, "niwasikie."

Nikasimama uani, matope yamenishika viatu,
nikaiinua simu juu ya banda kama anayetafuta mtandao.
Ndani walikuwa wakigombea fito za kulalia.
Alisikiliza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha.
"Diwani yuko wapi?"
Tone moja likatoka kwenye bati, likaingia ndooni.
"Basi," akasema. Kisha: "Na mama naye,
tangu juzi kaacha uji. Sikukwambia."

Tukanyamaza, yeye huko, mimi huku,
kila mmoja na hesabu yake aliyoificha.
Halafu akauliza kama chokaa imebaki.
Nusu mfuko, nikasema.
Nyunyiza leo leo, akasema, kabla giza halijaingia,
na usisahau pembeni.

Nikanyunyiza. Pembeni pia.
Kisha nikahesabu kwa sauti, simu ikiwa bado hewani:
ishirini na watano,
na bata mmoja wa Mama Twaiba
aliyegoma kwenda kwao.