Hali ya Kuamuru, Jumamosi Saa Nane

Kawangware, chumba cha juu, ghorofani kwa fundi cherehani,
Mwalimu Ndaya anaandika ubaoni: tu parles.
Kisha anafuta tu kwa kiganja,
anafuta na ile s ya mwisho,
anajipangusa chaki kwenye kitenge.
"Parle," anasema. "Sema.
Mwenye kitenzi ameondoka, kazi imebaki."

Chini yetu cherehani inakwenda, inasita, inakwenda.

Tuko watatu leo, wengine wamezuiwa na matope.
Mzee Githaiga, mstaafu wa reli,
ana wajukuu Montreal wasiojua Kikuyu wala Kiswahili.
Lokwawi anataka kazi ya mezani hotelini.
Mimi nalea mtoto wa watu kule Lavington,
wa miaka minne,
huniambia donne kabla hajanitazama usoni.

Kumbe ndilo hilo. Donne. Leta. Bila s.
Mwaka mzima nilidhani ni jina alilonibandika,
na nilikuwa naitika.

Ile s ya vitenzi vya -er, asema Mwalimu, ni mpangaji:
amri ikija, anatolewa nje na godoro lake.
Finis haguswi. Prends haguswi.
Hao wana hati ya nyumba.
Lakini y akisimama nyuma ya va,
mpangaji anarudi kudai dipoziti: vas-y.
"Kwa nini?" Githaiga anauliza, miwani puani.
"Sikio, mzee. Sikio halitaki irabu zigongane."

Namkubalia. Sisi je?
Nani alimwita mtoto wake kwa kusema ja?
Tunasema njoo. Tunasema nenda. Tunasema lete.
Kila lugha ina watundu wake,
na watundu wetu wote wanakaa karibu na mlango.

Wao wana wanne: sois, aie, sache, veuille.
Amri zisizotii amri.
Sois sage, mama wa mtoto humwambia asubuhi,
funguo za gari mkononi,
na mimi nyuma yake nanyooka mgongo
kama nimeambiwa mimi.
Aie nimeiandika mara tano daftarini.
Machoni inafanana na mtu aliyejikwaa kidole.

Kukataza, unakibana kitenzi huku na huku,
kama mdomo wa gunia la makaa:
ne bouge pas.
Hapo Mwalimu ananyamaza.
Chaki imegusa ubao, haiendi.
"Hii niliielewa," anasema, "kabla sijafundishwa.
Barabarani, usiku tulioondoka.
Hakuna aliyeuliza ni kundi la ngapi."
Anaifuta yote, ne, bouge, pas,
mpaka ubao unabaki na wingu.
Lokwawi anainama kutafuta kalamu ambayo haijaanguka.

Mvua inaanza kwenye mabati, inabidi apaze sauti:
"Parlons! Tuseme!
Hii, anayeamuru naye yumo ndani!"

Najaribu kukumbuka, Lavington, tangu nifike.
Fungua. Anua. Pasha. Ngoja kwanza.
Na veuillez, ya wageni, yenye glavu nyeupe.
Ya tu nimeijaza ukurasa, ya vous nusu yake.
Ya nous naandika kichwa cha habari, napiga mstari chini,
naacha nafasi.

Saa kumi stima zinapotea.
Cherehani inakwenda kidogo kwa mguu wa fundi, inakata tamaa.
Ngazi ni za mbao, mvua imeingia,
Githaiga amesimama juu kabisa, fimbo inapapasa hewa.
Namshika kiwiko.
"Allons-y," namwambia. Limetoka lenyewe.

Hasogei.
"Hiyo s," ananiuliza gizani,
"ni ya mpangaji, au ya mwenye nyumba?"

Nyuma yetu Mwalimu anacheka, mara ya kwanza leo.
"Shuka kwanza, mzee," anasema. "Sarufi ni Jumamosi."